Kaiba Nini?

Niligundua kwamba nimeshika jiwe pale muuza kahawa aliponinyooshea kikombe. Nilitaka kukipokea kwa mkono wa kulia, kama nilivyolelewa, nikakuta mkono wenyewe una kazi nyingine. Lilikuwa jiwe la ukubwa wa limau, lenye kingo, na lilikuwa limeshika joto la kiganja changu. Muuza kahawa alilitazama, akanitazama usoni, akakiweka kikombe kwenye benchi na kwenda kumhudumia mtu mwingine. Hakusema neno.

Mpaka leo sikumbuki nililiokota wapi. Ilikuwa mwanzoni mwa 1998, Manzese, Dar es Salaam. Mvua za El Niño zilikuwa zimezichimba njia za ndani, na watu walikuwa wamemwaga kokoto na vifusi kwenye mashimo ili magari yapite. Mawe yalijaa njia nzima. Kulipata moja kulihitaji kuinama tu. Lakini mtu hainami bila kutaka kuinama. Mahali fulani kati ya kijiwe chetu cha kahawa na kona ya muuza mkaa niliinama, nikachagua (maana lilikuwa zuri la kurusha, hilo nalikiri), nikainuka na kuendelea kukimbia, na katika hayo yote hakuna hata picha moja iliyobaki kichwani.

Nilikuwa na miaka 20. Nilikuwa nimeshuka kutoka Usangi, Upare, nikikaa kwa shangazi yangu huku nikisubiri nafasi ya chuo, na kazi yangu kubwa mchana ilikuwa kucheza drafti na kushindwa. Siku ile nilikuwa karibu kushinda. Ndipo ikasikika: “Mwizi! Mwizi huyo!” Sauti ilitoka upande wa barabara kubwa, ikadakwa na sauti nyingine, na nyingine, mpaka ikawa haina mwenyewe. Ubao wa drafti ulipinduka. Mpinzani wangu alishukuru Mungu, nadhani.

Nilikimbia kwa sababu benchi zima lilikimbia.

Kijana alikuwa ameshaangushwa tulipofika. Alivaa shati la mistari na ndala moja, nyingine sikuiona. Alikuwa amejikunja kama mtoto aliyelala, mikono imefunika kichwa. Nilimwona mpangaji wa nyumba ya pili kutoka kwa shangazi, mtu wa suruali iliyonyooshwa kwa pasi, ambaye kila asubuhi nilimwamkia shikamoo naye akaniuliza habari za masomo. Alisogea mbele, akapiga teke mara mbili, akarudi nyuma na kuchomekea shati lake vizuri. Nilimwona kinyozi wetu, na nilimwona mteja wake pia, kichwa kimenyolewa upande mmoja na kitambaa cha kinyozi bado shingoni. Kijana mwingine alikuwa anakuja akivingirisha tairi bovu kutoka kwa fundi pancha, analisukuma kwa vidole kama watoto wanavyoendesha magurudumu yao. Sote tulijua tairi lile ni la nini. Mtu alitaja mafuta ya taa. Nilimsikia kabisa akiyataja, na ndani yangu hakikutikisika kitu.

Kisha akaja mama ntilie. Banda lake lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Alikuja na upawa mkononi, unadondosha mchuzi wa maharage, akapenya katikati ya watu kwa mabega kama anayepanda daladala ya saa moja asubuhi. Alisimama juu ya yule kijana akauliza:

“Kaiba nini?”

“Mwizi huyu, mama!”

“Nimesikia mwizi. Nauliza kaiba nini.”

Hakuna aliyejibu.

“Cha nani? Mwenye mali yuko wapi?”

Watu walianza kugeuziana macho. Yule wa kulia alimtazama wa kushoto, naye akamtazama aliyeko nyuma yake. Kinyozi alisema, “Mimi nilisikia tu wakisema.” Mwingine akasema labda ni simu ya mezani ya dukani, mwingine akasema hapana, ni kuku. Mtu akacheka alipotaja kuku. Mwenye tairi alifika, akakuta watu wanabishana, akalilaza chini na kulikalia. Haikuchukua dakika mbili tukawa si kundi tena. Tulikuwa wanaume wengi waliosimama juani bila sababu. Wazee wawili walimwinua kijana na kumpeleka ofisi ya serikali ya mtaa. Hadi leo sijui kama aliiba. Sijui hata kama alikuwa anakimbizwa au alikuwa anakimbia tu, jambo ambalo Manzese watu hulifanya kwa sababu mia.

*

Magazeti yetu yana fungu la maneno kwa ajili ya siku kama ile: “wananchi wenye hasira kali.” Mtu auawa na wananchi wenye hasira kali. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila mara natamani kumwandikia mhariri. Mimi nilikuwa mmoja wa wananchi wale, na sikuwa na hasira. Sikuwa nimeibiwa chochote. Sikumjua kijana wala aliyepiga kelele. Nikiwa mkweli, na imenichukua miaka kuwa mkweli hapa, kilichokuwa kifuani mwangu kilifanana zaidi na kile ninachokisikia ngoma inapoanza mtaa wa pili: wenzangu wako huko, nami nisikose. Hasira ingekuwa na heshima kidogo. Hasira ina jambo inaloligombea.

Mwaka 1895 Mfaransa mmoja, Gustave Le Bon, alitoa kitabu kilichosomwa sana kuhusu umati. Alisema mtu akiingia kwenye umati anashuka ngazi kadhaa za ustaarabu, akili inazimika, mnyama anaamka. Ni maelezo yanayomfaa mtu aliyekuwa ghorofani anatazama chini dirishani. Mimi niliyekuwa chini sikuona akili ikizimika. Nilikimbia bila kujikwaa. Niliruka mtaro. Nilichagua jiwe. Nilimpisha mzee mmoja apite mbele yangu, kwa adabu. Akili yangu ilifanya kazi zote isipokuwa moja, ile ya kuuliza kama jambo lenyewe ni kweli, na hiyo haikuzimika bali niliiacha kwa wengine. Nilidhani ipo. Watu hamsini wanakimbia. Haiwezekani wote wasijue. Nao, nimekuja kuamini, walikuwa wakinitazama mimi nikikimbia na kudhani hivyo hivyo.

Na waliopiga hawakuzidi wanane. Hilo nalo halisemwi. Wengine tulikuwa duara. Tulisimama, tukatazama, na kwa kuwa tulisimama karibu karibu hakukuwa na upenyo wa kutokea. Kila mmoja katika duara lile angeweza kuapa mbele ya hakimu kwamba hakumgusa mtu. Mwaka 1968 Wamarekani wawili, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio ninalolikumbuka kila nikilifikiria duara letu. Walimweka mtu chumbani ajaze fomu, kisha wakapitisha moshi kwenye tundu la ukutani. Aliyekuwa peke yake, mara tatu katika nne, alitoka kwenda kutoa taarifa. Walipomweka na wengine wawili walioagizwa wasijali, wakaendelea kuandika kama hawaoni, ni mmoja tu katika kumi aliyetoka. Waliobaki walikohoa, wakafikicha macho, wakaendelea na fomu. Walipoulizwa baadaye, hawakusema waliogopa. Walisema walidhani si moto: labda mvuke, labda hewa ya mashine ya kupoza chumba. Yaani utulivu wa wenzao haukuwafunga miguu tu. Uliwabadilishia hata jina la kile walichokiona.

*

Nilipata nafasi chuo kikuu cha Mlimani, nikasomea ualimu, na huko kwenye saikolojia ya elimu nikakutana na mwanasaikolojia Solomon Asch na mistari yake. Jaribio lake la mwaka 1951 ni jepesi hadi linakera. Wanaume wanaonyeshwa mstari mmoja, kisha mistari mitatu, waseme upi kati ya mitatu unalingana na ule wa kwanza. Hata mtoto wa chekechea anaona. Ila wote walioko mezani wamepangwa, isipokuwa mmoja, na katika raundi fulani wote wanataja mstari usio sahihi kwa sauti tulivu, mmoja baada ya mwingine, mpaka zamu inamfikia yule asiyejua. Karibu theluthi moja ya majibu katika raundi hizo yalifuata kosa la wengi. Watatu katika kila wanne walifuata angalau mara moja. Na haikuhitaji umati: wapinzani watatu walitosha kuleta karibu athari yote.

Nilipoanza kufundisha Arusha nililijaribu hilo kidato cha pili, kwa chaki ubaoni, nikiwa nimewapanga wanafunzi sita wadanganye. Wa saba alikuwa mvulana mwenye akili, wa kwanza kwa hisabati. Alitazama ubao, akawatazama wenzake, akakuna shingo, akataja mstari mbovu. Nilimwuliza baadaye kama kweli aliuona hivyo. Akasema, “Hapana, mwalimu. Ila nilifikiri labda sijaelewa swali.” Nikamwambia swali lilikuwa rahisi. Akasema, “Ndiyo maana, mwalimu. Swali rahisi watu sita hawawezi kulikosa.” Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa amesema kitu chenye mantiki kuliko nilichokuwa nimejiandaa kuwafundisha. Siku nyingi wenzetu sita wakiona kitu tofauti na sisi, ni kweli sisi ndio tumekosea. Mgeni anayefika kijijini na kukuta watu wote wanauzunguka mti fulani bila kupita chini yake, afadhali naye azunguke. Nyuki hawangoji ushahidi. Anayejiona shujaa kwa kupinga kila linalosemwa na wengi hajawahi kuishi mahali penye nyuki.

Kitu nilichokibeba kutoka kwa Asch si theluthi ile. Ni alichokiona alipompandikiza mezani mtu mmoja wa kusema kweli. Kufuata mkumbo kukaanguka hadi robo ya kiasi cha awali. Tena alijaribu na mpinzani ambaye naye alikosea, kosa baya kuliko la wengi, na bado mtu wetu alipumua, akaanza kusema anachokiona. Mama ntilie hakutuambia kijana yule hana hatia. Angesema hivyo tungembishia, pengine tungemsukuma. Hakuwa na upande. Aliuliza swali, na swali likatuonyesha kwamba kati yetu hakuna aliyekuwa na jibu.

(Vikao vya harusi nitavigusa kwa kifupi, kwa sababu mke wangu atasoma. Mwaka 2006 niliingia kwenye kikao kimoja nikiwa nimeshaamua kuahidi shilingi elfu hamsini. Katibu alisoma ahadi kwa sauti, jina kwa jina, na watu wakapiga makofi kila kiwango kilipopanda. Zamu iliponifikia nilisikia sauti yangu ikitaja laki mbili. Nilikaa chini nikiwa na furaha kubwa, iliyodumu mpaka kituo cha daladala. Aliyenifuata alitaja laki mbili na nusu, na ninajua mshahara wake, maana tulikuwa tunaupokea dirisha moja.)

*

Nisionekane mtu asiyependa watu. Nimelelewa na kundi. Upare tuna msaragambo, kazi ya kijiji kizima, na bila msaragambo kusingekuwa na ndiva, yale mabwawa madogo ya wazee wetu yanayokusanya maji ya mlimani usiku ili yafunguliwe mchana kwenda mashambani. Ndiva hujaa tope, mifereji huziba. Mbiu ikipigwa, kila nyumba inatoa mtu. Nilianza kwenda nikiwa na miaka 12, badala ya baba aliyekuwa anaumwa mgongo.

Huko ndiko nilikojifunza kuimba bila kulima. Tulisimama mstari mmoja ndani ya tope, majembe yanapanda na kushuka kwa wimbo, na baada ya siku mbili niligundua kwamba jembe langu likishuka polepole na kugusa tu, hakuna anayejua. Niliimba kwa nguvu kuliko wote. Mzee mmoja alinisifu kwa moyo wa kazi. Kilichonishangaza baadaye ni kwamba sikujiona mvivu. Jioni nilikuwa nimechoka kweli, nikahadithia nyumbani jinsi tulivyofanya kazi. Tulivyofanya: neno hilo lilikuwa kubwa vya kutosha kunifunika.

Mfaransa mwingine, mhandisi wa kilimo aliyeitwa Max Ringelmann, alipima jambo hili kwa kamba na kuchapisha vipimo vyake mwaka 1913. Watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa kama nusu tu ya nguvu aliyoitoa akivuta peke yake. Sehemu ya upotevu huo ni ya kawaida: watu wanane hawavuti kwa sekunde ileile. Lakini mwaka 1974 watafiti wa Marekani walirudia jaribio kwa hila. Walimfunga mtu macho, wakamweka mbele kabisa ya kamba, wakamwambia nyuma yako wako wengine, na nyuma hakukuwa na anayevuta. Mtu huyo alivuta kidogo kuliko alivyovuta akijua yuko peke yake. Niliposoma hayo nilisikia tope la ndiva miguuni.

Wazee wa Usangi hawakusoma Ringelmann, lakini mwaka wa pili au wa tatu mambo yalibadilika. Msimamizi mpya wa mfereji alikuja na kamba na vijiti, akaukata mfereji vipande, na kila mtu akapewa ngwe yake. Ngwe ilianza kwenye kijiti chako na kuishia kwenye kijiti cha jirani. Nyimbo zilipungua. Kazi iliyotuchukua siku nne ikaisha siku mbili, na mimi nikapata malengelenge mikononi kwa mara ya kwanza maishani. Tulikuwa watu walewale, kwenye mfereji uleule. Nimelichukia neno ngwe tangu siku ile, na sijapata neno bora zaidi la kueleza ninachotaka kusema hapa: kundi linafaa pale ambapo ngwe yako inaonekana, na linaharibika pale inapomezwa.

Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alilionja hilo upande wa pili, kwenye maonyesho ya mifugo ya Plymouth, Uingereza, mwaka 1906. Wageni walinunua tiketi na kuandika makisio yao ya uzito wa nyama ya ng'ombe mmoja dume atakapokuwa amechinjwa na kuandaliwa. Galton alizipata tiketi 787 zinazosomeka, akazipanga. Kisio la katikati lilikuwa pauni 1,207. Nyama ilipopimwa, kwa hesabu aliyoitoa, ilikuwa pauni 1,198. Si wote waliokuwa wachinjaji au wafugaji, na kwa pamoja walikosea kwa pauni 9 tu. Galton, mtu ambaye hakuwa na imani kubwa na watu wa kawaida, alilazimika kuandika kwamba matokeo yanaipa sifa demokrasia kuliko alivyotarajia. Lakini kila mmoja wao aliandika tiketi yake kwa mkono wake. Wangekuwa wanapaza sauti, kama kwenye mnada wa kwetu, sidhani kama wangefika karibu. Mnadani kisio la tatu huwa limeshasikia la kwanza na la pili.

*

Machi 2011 shangazi yangu alipanda basi kutoka Dar hadi Arusha, na siku ya tatu tulikuwa tisa ndani ya Land Cruiser ya kukodi, tukielekea Samunge, Loliondo. Sihitaji kueleza sana kwa msomaji aliyekuwa na umri wa kusikia redio mwaka ule. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi ya mugariga kwa shilingi 500. Kisukari, shinikizo la damu, saratani, UKIMWI: watu walikuwa wanakwenda kwa yote. Walitoka Kenya pia. Wenye uwezo walishuka kwa helikopta.

Tulipita Mto wa Mbu, Engaruka, chini ya Oldoinyo Lengai, tukaambaa na Ziwa Natron katika vumbi jeupe, kisha tukapanda kuelekea Sonjo. Mwishoni tukakutana na foleni. Nimeona foleni za mafuta na foleni za sukari miaka ya themanini, lakini ile ilikuwa nchi nyingine. Magari yaliunda mji. Kulikuwa na wauza maji, wauza chapati, wagonjwa juu ya magodoro chini ya malori, watoto wanaocheza. Tulilala humo siku tatu. Usiku, ndani ya gari, mtu angeanza kutia shaka, na daima angejibiwa na mwingine kwa sentensi moja: “Sasa watu wote hawa wamekuja bure?”

Sentensi ile ilimaliza kila mjadala, na mimi mwalimu wa mistari ya Asch sikuwa na la kuongeza. Usiku wa pili nilitoka kujinyoosha. Gari la mbele yetu lilikuwa na namba za Mwanza na madirisha wazi. Mwanamke alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, na nikamsikia mwanamume akimjibu, kwa lafudhi ya Ziwa, neno kwa neno: sasa watu wote hawa wamekuja bure? Watu wote hao tulikuwa sisi. Walikuwa wanatutazama kwenye kioo cha nyuma. Sisi tulikuwa ushahidi wao, nao walikuwa ushahidi wetu, na hakuna gari katika foleni ile lililokuwa na ushahidi wa kwake.

Nilikunywa. Sikuwa mgonjwa wa chochote. Nilikwenda kumsindikiza shangazi, na zamu ilipofika nikanyoosha mkono kama wenzangu, nikatoa shilingi 500. Kwa Babu sina neno. Alifariki mwaka 2021, na hakuna aliyenishika shingo.

Ila shangazi alinishinda. Tukiwa njiani kurudi, tumesimama Mto wa Mbu kununua ndizi, alinivuta pembeni akaniomba maji. Alifungua fundo la khanga, akatoa kidonge chake cha kisukari, akakimeza akiwa ameligeuzia gari mgongo.

“Umekuwa unameza siku zote?” nikamwuliza.

“Kila asubuhi. Nyuma ya gari, mkisali.”

“Mbona hukusema?”

“Niseme ili wanione sina imani?” Alifunga fundo. “Na wewe ulikunywa ya nini, mzima kama ng'ombe?”

Nikamwambia niliona aibu kukaa tu. Alicheka hadi akashika mti. Baadaye, kwa uchunguzi wa polepole ambao walimu tunaujua, niligundua kwamba kati ya tisa tuliokuwa kwenye gari, watatu zaidi walikuwa wakimeza dawa zao za hospitali kwa siri. Dereva mmoja, abiria wanane, na chini ya viti karibu duka la dawa.

*

Nilimrudisha shangazi Manzese mwezi wa Aprili. Mtaa ulikuwa umebadilika. Kijiwe chetu kilikuwa duka la simu. Lakini banda la mama ntilie lilikuwepo, sasa lina meza za plastiki na feni. Mwenyewe amenenepa, ameota mvi, na hakunikumbuka kabisa. Nilimwamkia, nikaagiza wali maharage, na wateja walipopungua nikamkumbusha ile siku ya kijana wa shati la mistari. Nilikuwa nimelibeba swali lile miaka 13. Nilikuwa nimelisimulia kwa wanafunzi wangu, mwaka baada ya mwaka, kama mfano wa ujasiri. Nilitaka kujua alipata wapi moyo wa kuingia peke yake kati ya wanaume hamsini.

Alifikiri kidogo, upawa mkononi.

“Wale wa kuku?” akauliza.

“Labda kuku, mama. Hatukujua.”

“Nakumbuka. Siku hiyo nilikuwa na wateja sita hapa, wanakula. Wakasikia mwizi, wakaondoka mbio, mmoja na sahani yangu mkononi. Hakuna aliyelipa.” Aliweka upawa chini. “Mimi nilikuwa nawafuata wao. Nikasema ngoja nikaone ni kitu gani hicho kimeibiwa, mpaka watu waache kulipa chakula.”

“Walirudi kulipa?”

“Wanne,” alisema. “Na ile sahani sijaiona.”